Suti ya mvua ya elfu 52, Tabata mpaka Iringa kwa pikipiki

"Bosi, hii hata ukiingia nayo baharini hulowi." Nikamjibu muuzaji kwamba baharini siendi, naenda Iringa. Akacheka, akashuka kutoka 65,000 mpaka 52,000, nami nikajiona mjanja. Ilikuwa Kariakoo, Jumamosi ya kwanza ya Januari, jua kali hadi soli za ndala zinalainika, na mimi mtu mzima nimesimama mlangoni mwa duka najaribu koti la mvua huku jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi. Mama mmoja muuza karanga akaniuliza kama niko salama.

Mtu wa Dar lazima ashangae. Sisi Pwani tuna vuli na tuna masika, na hapo katikati, Januari na Februari, ni kiangazi cha kulala na feni usiku kucha. Lakini ukishaelekea nyanda za juu kusini, hesabu ya mvua ni nyingine. Kule msimu ni mmoja, unaanza Novemba hivi unaenda mpaka Aprili. Januari yetu ya jasho ndiyo Januari yao ya matope. Mwaka juzi nilipanda na jaketi la jinzi, nikafika ukweni natetemeka hadi meno yanagongana, mama mkwe akanikalisha jikoni karibu na moto kama kifaranga. Mke wangu, aliyekuja kwa basi na nguo kavu, mpaka leo analisimulia.

Basi suti yenyewe. Ni koti na suruali, nyeusi, nje nailoni, ndani imepakwa mpira mweupe, ina mistari ya rifleketa mgongoni na mikononi. Zipu ya mbele ina kifuniko mara mbili chenye mkanda wa kunata. Ukinunua nguo ya namna hii, igeuze ndani nje utazame mishono, maana kitambaa kinaweza kuwa kizuri namna gani, kila tundu la sindano ni njia ya maji mpaka lizibwe kwa tepu. Koti lina tepu kila mahali, kwapani, mabegani, hata kwenye kofia yake. Suruali niliigeuza miguu tu, nikaiona tepu, nikaridhika. Msamba sikuutazama.

Niliondoka Tabata saa kumi na moja alfajiri na Boxer yangu ya 150, suti iko kwenye begi nyuma. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, hakuna cha kusimulia zaidi ya vibao vya mwendo wa hamsini vijijini na trafiki na tochi yao ya kupima mwendo nyuma ya mti. Msamvu, pale Morogoro, nilisimama kujaza mafuta, kabla sijavua helmeti mtu akanipigia mluzi: "Boda, Kihonda shilingi ngapi?" Nikamwambia naenda Iringa. Akasema huko ni mbali, akaondoka.

Wingu nililiona nikiwa Doma, limekaa juu ya Mikumi kama blanketi chafu. Nikaamua kuvaa hapo hapo, kwa sababu barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na mimi si mtu wa kusimama kuvaa suruali huku nyati ananiangalia. (Lile bango la faini ya kila mnyama utakayemgonga nalo linatosha kumfanya mtu atembee taratibu.) Na hapa ndipo nilipoanza kuichukia suruali. Zipu ya mguuni inaishia chini ya shavu la mguu. Kiatu hakipiti. Unavua buti kwenye changarawe, unasimama kwa mguu mmoja umeshika sehemu ya abiria, mguu unanasa, unarukaruka. Watoto watatu walikaa kabisa chini kutazama. Aliyeshona suruali hii hajawahi kuvaa buti, au hajawahi kunyeshewa.

Ndani ya hifadhi mvua ilikuwa ya manyunyu, na joto bado lipo. Kwa nje koti lilikuwa linafanya kazi vizuri, maji yanateleza kama kwenye jani la mgomba. Kwa ndani nilikuwa nalowa. Mimi ni fundi friji, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza: mwili unatoa mvuke, mvuke unakutana na mpira uliopozwa na mvua na upepo, unageuka maji. Ndiyo yale matone unayoyaona nje ya chupa ya soda baridi, isipokuwa hapa chupa ni koti na wewe uko upande wa matone. Mpira haupumui, na koti hili halina hata matundu ya hewa kwapani. Dawa niliyoipata ni kufungua zipu inchi mbili shingoni na kuvaa ndani fulana ya mpira wa miguu, ile ya kitambaa chepesi. Pamba usithubutu, ikilowa haikauki.

Mvua yenyewe nilikutana nayo baada ya Ruaha Mbuyuni. Nilikuwa nimesimama kutazama bei za vitunguu, nikasikia mabati ya vibanda yanalia. Nikapanda mlima Kitonga maji yakinipiga kifuani kama changarawe. Pale lami imebonyezwa na malori, pana mifereji miwili ya matairi, na mvua ikinyesha inajaa. Nilikaa kwenye mgongo wa katikati, mbali kidogo na lori lililokuwa linapanda kwa gia ya kwanza, kwa sababu kwenye kona kulikuwa na dizeli juu ya maji, zile rangi rangi. Breki ya mbele niliigusa kwa kidole kimoja.

Na katikati ya kona hizo, nikahisi baridi mahali ambapo mwanaume hapendi kuihisi.

Ukikaa kwenye pikipiki, mapaja yanatengeneza bakuli. Maji yote ya kifuani yanatiririka humo yanakaa, na chini ya bakuli kuna mshono wa msamba, pale mishono minne inapokutana. Suti hii wameishona kwa ajili ya mtu aliyesimama. Tepu inateremka vizuri kwenye miguu, ikifika msamba inaishia sentimita nne kabla. Nne, nimepima na rula. Ilula nilifika nimelowa kama mtoto wa chekechea.

Nitalitendea haki koti, maana baada ya Ilula ndipo lilipolipa pesa yangu. Mvua ilikata, upepo ukawa wa baridi (Iringa ni mita kama 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mimi asubuhi nilikuwa Tabata), lakini kifuani na mgongoni nilikuwa na joto. Zipu haikupitisha tone. Mikono ni mirefu kiasi kwamba ukishika usukani haipandi juu ya glavu. Kofia ya koti ndiyo upuuzi, haiingii chini ya helmeti na ukiiacha nje inageuka ndoo, mimi nimeikata.

Niliporudi Dar nilimpelekea muuzaji suruali. Akanionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Hakuwa na ubaya, akanipa na chupa ya maji. Kisha akaniambia neno la kweli kuliko lile la baharini: "Wenzako wengi wanachukua koti peke yake." Koti peke yake anauza 35,000.

Suruali nimempa fundi pancha wa mtaani kwetu. Ameikwangua msamba kwa msasa, akabandika kipande cha tyubu kwa solusheni, 3,000 tu. Juzi nimeikalia bafuni na ndoo mbili za maji mapajani, mke wangu kasimama mlangoni na simu anarekodi. Haijavuja.