Stelingi ya Land Cruiser inacheza: ununue kipi kwanza

Muuza spea akisikia "stelingi inacheza", kitu cha kwanza kuwekwa kaunta ni shokapu ya stelingi. Kuifunga ni kazi ya nusu saa, na ukiwa njiani kurudi nyumbani utaona nafuu. Lakini shokapu haishiki kitu. Inapooza tu mtikisiko wa kiungo kilichokufa kwingine, na kiungo hicho kinaendelea kulika. Ndiyo maana katika orodha hii iko mkiani.

Tunazungumzia Land Cruiser zenye ekseli nzima na springi za koili mbele: 80, 105, na mikonga (Land Cruiser za kazi) ya 78 na 79 ya kuanzia 1999. Mkonga wa zamani wenye springi za majani hauna panadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia); humo tazama bushi (mipira ya viungo) za springi na shako (vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi) badala yake.

Kabla ya kutoa hela, pima. Gari lisimame kwa matairi yake, bila jeki, gia iwe huru, handibreki imevutwa na mawe yamewekwa nyuma ya matairi. Washa injini. Mwenzako atikise usukani kushoto na kulia, kidogokidogo, huku wewe umelala chini na vidole viwili vimegusa pande zote mbili za kiungo. Kiungo kizima husogea pamoja na chuma cha pili. Kilichokufa utakisikia kikigonga kidoleni kabla ya chuma cha pili kuanza kwenda. Pitia vyote, pamoja na ncha mbili za panadi rodi.

Namba 1: tairodi endi. Hivi ni viungo vya tufe kwenye ncha za fimbo za stelingi. Ziko nne, mbili za tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) na mbili za dragi linki (fimbo inayotoka boksi la stelingi). Ikifa moja, nunua zote nne, kwa sababu zimekula vumbi lile lile. Chukua za Toyota wenyewe au za chapa ya 555 ya Japani. 555 bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo usiamini boksi peke yake. Ishike mkononi: mpira wa vumbi ubane vizuri, na kipini (fimbo fupi yenye nyuzi) kizunguke kwa uzito ule ule kila upande. Kikilegea kama kengele, irudishe. Hakikisha pia umepewa ya kulia na ya kushoto, maana tairodi ina nyuzi za kawaida upande mmoja na za kinyume upande wa pili.

Ukitoa, acha nati ishike nyuzi tatu nne, kisha gonga pembeni mwa jicho la mkono wa stelingi (tundu ambamo kipini kimeingia) kwa nyundo mbili kwa mpigo mmoja; kiungo kitaruka chenyewe. Usigonge kichwa cha kipini. Pima umbali wa katikati hadi katikati ya vipini kabla ya kufungua, na hesabu mizunguko unapochomoa. Nati za 80 hukazwa takriban Nm 90. Tundu la pini ya kuzuia nati lisipolingana, kaza mbele kidogo. Kurudisha nyuma ni mwiko.

Namba 2: bushi za panadi rodi. Mbili tu, bei ndogo, na nafuu yake huwashangaza wengi. Gari likigonga kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, kisha usukani ukaanza kutetemeka hadi upunguze mwendo, anzia hapa. Nunua za mpira wa kawaida. Polyurethane ni ngumu na hupiga kelele ikikauka. Kosa linalomaliza bushi mpya kwa miezi michache ni kukaza bolti gari likiwa limening'inia kwenye jeki: likishuka, mpira unabaki umesokotwa. Kaza mwisho, matairi yakiwa chini.

Namba 3: beringi za kingpini. Ndizo zinazobeba nakolo, chuma kinachogeuka na gurudumu. Hizi ni kazi ya siku nzima, hivyo hakikisha kwanza ndizo zilizokufa. Inua tairi, lishike juu na chini, litikise. Kisha mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, shida ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingpini. Ukiona uji mweusi umeteremka kwenye tufe la nakolo (mpira wa chuma mwishoni mwa ekseli), oili ya difu imepenya na kuchanganyika na grisi, kwa hiyo sili ya ndani ya ekseli lazima ibadilishwe pia.

Nunua seti nzima kwa kila upande: beringi mbili, sili ya ekseli, sili ya tufe na gaskiti. Angalia hasa beringi. Za Koyo ni chaguo salama. Shimu (visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi) ulizozikuta juu zirudi juu, za chini zirudi chini. Ukimaliza kukaza, kabla ya kufunga tairodi na sili ya tufe, vuta mkono wa nakolo kwa mzani wa springi: kwenye 80 uanze kusogea kati ya kilo 3 na 6. Ukisogea kwa kilo 1, stelingi itarudi kucheza kabla mwaka haujaisha.

Namba 4: bushi za kasta. Hizi ni za gari lililoinuliwa tu. Kuinua sentimita 5 hupunguza kasta (mlalo wa kingpini kuelekea nyuma) kwa takriban digrii 2, usukani unakuwa mwepesi na haurudi wenyewe baada ya kona. Bushi zenye tundu la pembeni hurudisha kiasi hicho. Zinahitaji presi ya haidroliki, nyundo itazipasua. Zikiwekwa kinyume zinapunguza kasta zaidi, kwa hiyo weka alama ya rangi kwenye mkono unaoshika ekseli kabla ya kutoa za zamani.

Namba 5: shokapu ya stelingi. Nunua mpya iwapo ya zamani inavuja au inavutika bila ukinzani. Epuka ya gesi. Gesi husukuma fimbo itoke muda wote, nayo huvuta usukani upande mmoja.

Chochote ulichobadilisha, pima tou (tofauti ya umbali kati ya matairi ya mbele, ukipima mbele yake na nyuma yake) kabla ya kwenda kwenye alaimenti. Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, kwenye usawa wa ekseli kwa nyuma, pima umbali wa mistari, sukuma gari nusu mzunguko hadi mistari ije mbele, upime tena. Mbele pawe pafupi kwa milimita 2 hivi. Pakiwa parefu, legeza klampu, zungusha bomba la tairodi, kisha sukuma gari mita chache kabla ya kupima upya, la sivyo matairi yaliyojibana chini yatakudanganya.