USRP X310: kujaza DRAM kabla ya kurusha mawimbi

Kwa kurudia wimbi lilelile, bloki ya Replay (sehemu ya kurudia data) ya X310, redio inayoendeshwa kwa programu, inafaa sana: data hupakiwa mara moja kwenye DRAM (memori ya redio hiyo) ya GB 1, kisha FPGA (chipu yake inayoweza kupangwa upya) huirusha bila kutegemea kompyuta. Kwa baiti 4 kila sampuli, sampuli milioni 200 kwa sekunde hula MB 800, hivyo memori nzima ni sekunde 1.3 tu za mawimbi. Ndogo, kwa kweli.

Upakiaji wa memori nzima ukichukua zaidi ya sekunde 8, kagua kwanza kebo imechomekwa poti gani. Kwenye imeji ya HG (mojawapo ya faili za kuipanga FPGA), poti 0 ni Gigabiti 1. Ya Gigabiti 10 ni poti 1. Halafu weka MTU (ukubwa wa juu wa kifurushi cha mtandao) 9000, la sivyo vifurushi vidogo vitailemea CPU ya kompyuta, na net.core.wmem_max (kikomo cha bafa ya kutuma kwenye Linux) 33554432.