Lacrima di Morro d'Alba: waini nyekundu inayonukia waridi, nimeinywa hapahapa Malindi

Mimi ni weita hapa Malindi, huu mwaka wa 11, chupa nyekundu nilizozibua hazina hesabu. Chianti, Primitivo, Nero d'Avola, Montepulciano, hizo ndizo Waitaliano wetu wanaagiza kila siku, na Waitaliano hapa si wageni wa jana, wako tangu enzi za San Marco, ile mitambo yao ya kurushia satelaiti kule Ngomeni miaka ya 1960. Lakini hii Lacrima sikuwahi kuiona kwa macho mpaka mwezi wa pili mwaka huu, kaskazi imekolea, joto la kukauka mate. Niliikuta dukani, nikalipa 2,800, nikaenda nayo nyumbani na hamu zangu.

Jina kwanza. Lacrima kwa Kiitaliano ni chozi. Zabibu yenyewe ina ganda jembamba, ikiiva sana ganda linapasuka lenyewe na maji yanadondoka tone tone kama mtu analia, ndio ikaitwa hivo. Na ni ganda hilohilo lilotaka kuimaliza, manake tunda la kupasukapasuka linaoza upesi, kulibeba shida, sasa mkulima gani atahangaika nalo wakati kuna zabibu ngumu inayovumilia. Kwao ni Morro d'Alba, kijiji cha mkoa wa Marche, upande wa Ancona, si mbali na bahari ya Adriatic. Mwaka 1985 ndio walipata DOC, yaani ile sheria ya serikali yao inayosema waini ya jina hili itoke mahali fulani na itengenezwe namna fulani, na hii lazima asilimia 85 kwenda juu iwe Lacrima yenyewe. Mwenye duka aliniambia ni ya Alba ya Piemonte, sio, majina tu yamefanana. Na kuna Lacryma Christi ya mlima Vesuvius kule Napoli, hiyo nayo ni zabibu nyingine kabisa, usije ukauziwa hiyo ukadhani ni hii.

Sasa ile chupa ya kwanza nusra initenge na waini hii moja kwa moja. Ilikuwa imesimamishwa pale mbele dukani kwenye kioo, jua la mchana lote linaipiga, nikiishika iko moto, na mimi kwa hamu sikujali. Kufika nyumbani kukata ile karatasi ya shingoni nakuta kizibo kimesukumika juu kidogo, na pembeni kuna utomvu umekauka unanata. Kuonja, jamu iliyoungua sufuriani, na siki kwa mbali. Waridi hakuna, chochote hakuna. Iliniuma kwa kweli, 2,800 kwa mtu wa mshahara wangu si pesa ya kumwaga. Ikaishia kwenye mchuzi wa nyama.

Kesho yake nikamweleza mzee mmoja wa Kiitaliano, mteja wangu wa miaka mingi, mtu wa hukohuko Marche. Hakuuliza mengi, aliuliza tu, chupa ulipoishika ilikuwa na joto? Nikamwambia kama soda iliyosahauliwa kwenye tuktuk. Akasema basi hiyo ilishapikwa, rudi ukaombe ambayo bado iko kwenye boksi.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka amu yangu wa kijiji cha Ganda, ni mgema. Amu hupanda minazi asubuhi na jioni, na tembo la asubuhi ukilinywa mapema ni tamu, jepesi, lina harufu yake nzuri ya maua ya mnazi. Lilelile likae kwenye jua mpaka saa nane, unakunywa kitu kikali kinachokwenda kuwa siki. Nimelijua hilo tangu mtoto nikimshikia kibuyu chini ya mnazi, lakini sikuwahi kulipeleka kwenye waini, nikidhani maadam iko ndani ya chupa na kizibo basi imesalimika. Haijasalimika. Joto linaingia kwenye chupa kama linavyoingia kwenye kibuyu, tofauti ni kwamba kwenye chupa huoni.

Basi nikarudi, nikaomba ya boksi, kule stoo kwenye AC. Nilibeba begi la kubebea samaki na barafu ndani, kijana wa duka ananishangaa. Nyumbani nikailaza kwenye friji saa nzima, nikaitoa dakika kumi kabla ya kuzibua. Najua wengi mmeambiwa nyekundu haiwekwi friji, inywewe kwa joto la chumba. Lakini chumba kinachosemwa ni cha kwao Ulaya, digrii 16 mpaka 18. Chumba cha Malindi kaskazi ni 30 na kupanda, ukinywa hivo unasikia spiriti tu inachoma pua. Na hii Lacrima inapenda ubaridi zaidi ya nyekundu nyingine, kwenye 14 mpaka 16 ndio inasema yote iliyo nayo.

Nikazibua. Sijamimina hata glasi ya kwanza, Mama Neema akauliza kutoka jikoni, "Baba Neema, umejipulizia marashi?" Wallahi naapa sikumwambia kitu kabla. Ni waridi, waridi kabisa, ile halwaridi ya kwenye mrashi unaporushiwa harusini mlangoni, halafu nyuma yake kuna pilipili manga kidogo, na karafuu kwa mbali. Hawakutia kitu, ni zabibu yenyewe ndio inanuka hivo. Rangi yake ni zambarau, na nasema zambarau tunda, ile inayoacha ulimi mweusi na mama anajua ulikuwa juu ya mti. Nikainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, pembeni pale waini inapokuwa nyembamba kuna rangi ya urujuani inang'aa, hiyo ni dalili bado changa, na hii ndio inatakiwa hivo, haiwekwi miaka kumi. Inywe ndani ya miaka mitatu minne, ikizeeka lile waridi linaondoka.

Mdomoni si nzito kama pua inavyokuahidi. Kuna zambarau, kuna ukwaju kidogo wa kuamsha mate, na ukakasi upo lakini mdogo, si ule wa bibo unaokukamata ulimi ukashindwa kusema. Mwisho kuna uchungu kidogo, mimi nimeupenda. Chupa yangu iliandikwa asilimia 13.

Chakula ndipo iliponishinda kabisa. Mama Neema alikuwa ametengeneza kuku wa kupaka, tui zito, ndimu, na pilipili ya kutosha. Nyekundu zenye ukakasi mwingi nishaona mezani kazini zikigombana na nazi na pilipili, mteja anasukuma glasi pembeni. Hii haikugombana, ubaridi wake ulitulizana na pilipili, na lile waridi likakaa juu ya tui kama limepikwa humohumo. Pilau nimejaribu wiki iliyofuata, ile ya mdalasini na iliki, hapo ikawa ndio nzuri zaidi, hadi mimi mwenyewe nikaacha kuongea. Samaki wa kuchoma sikuona raha nayo.

Si ya kila mtu. Ukipenda waini nzito yenye mbao na moshi utaona hii ni marashi kwenye glasi, kuna mwenzangu kazini alionja akasema hivohivo akarudisha. Na ukishafungua usiiweke, siku ya pili kwenye friji nusu ya harufu imeshaenda, siku ya tatu ni waini nyekundu tu. Upatikanaji pia si wa uhakika, ziliingia boksi chache na sijui zitarudi lini. Ukiikuta, ishike chupa kwanza. Ikiwa na joto iache hapohapo hata kama wamekupunguzia bei, angalia kizibo kama kimeinuka chini ya ile karatasi, na uliza kama kuna ya stoo. Mwaka kwenye lebo uwe wa karibuni.

Kabla ya jana nilikuwa nimenunua tatu, ya kwanza mchuzini, ya pili na kuku na ile ya tatu ndio ya pilau. Jana nimepita tena dukani, imebaki moja kwenye boksi, nimeichukua. Iko kwenye droo ya mboga chini ya friji, imelazwa, Mama Neema ameshasema haiguswi mpaka dada yake aje kutoka Watamu, na mimi nataka amu naye awepo siku hiyo, nisikie mgema atasema nini.