Mikutano ya AA: kuipata ni kazi, kukaa ni bure

Kwa anayetaka kuacha pombe, mikutano ya Alcoholics Anonymous, yaani AA, ndiyo tunayoipendekeza kwanza miongoni mwa huduma zisizotoza senti. Haina fomu wala kadi ya uanachama, na sharti lake ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Ilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, na utafiti umeiunga mkono. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliona kwamba programu zinazomwelekeza mgonjwa kwenye AA huwawezesha wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Shida yake kubwa haiko ndani ya chumba. Iko njiani, kabla hujafika.

Programu ya simu ya Meeting Guide ni ya bure na huonyesha mikutano iliyo karibu nawe. Lakini hutegemea orodha zinazotumwa na ofisi za AA za kila eneo, na eneo lisilotuma chochote halionekani. Kwa hiyo ramani tupu isikukatishe tamaa. Mkutano unaweza kuwapo mtaa wa pili. Kenya, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize kuhusu vikundi vya kusaidiana. Hospitali za afya ya akili, kama Mathari Nairobi au Mirembe Dodoma, ni mahali pengine pazuri pa kuulizia. Zanzibar, waulize wa nyumba za upataji nafuu (sober houses); nyingi zilianzishwa kwa ajili ya waraibu wa heroini, ila Hatua 12 wanazozifuata, yaani mwongozo wa kuacha ulevi hatua kwa hatua, zilitoka AA.

Ukipata tangazo, piga simu siku hiyohiyo kabla ya kutoka nyumbani. Vikundi huhama ukumbi na tangazo la zamani likabaki, na mtu aliyejikaza wiki nzima akikuta mlango umefungwa, kituo cha kwanza anachopita akirudi ni baa. Uliza mambo matatu: ni chumba gani, wanatumia lugha gani, na ni mkutano wa wazi au uliofungwa. Wa wazi huruhusu ndugu na wageni. Uliofungwa ni wa wenye tatizo la pombe tu. Hakikisha na saa pia: 6:30 PM ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na wapo wanaoisoma saa sita na nusu.

Getini ndipo wengi wanaporudi nyuma. Mikutano mingi hukodi ukumbi wa kanisa au chumba cha zahanati, na mlinzi huenda hajui AA ni nini. Taja jina la ukumbi tu. Hulazimiki kueleza zaidi. Fika dakika 10 mapema ukae karibu na mlango.

Ndani, mkutano huchukua saa moja au moja na nusu. Husomwa utangulizi na Hatua 12, kisha wanaotaka huzungumza kwa zamu. Hakuna anayekukatiza wala kukujibu, jambo linalowashangaza waliozoea vikao vya ukoo ambamo mlevi huhukumiwa na wajomba. Zamu yako ikifika, “leo nasikiliza” inatosha. Kikapu kikipita, mgeni hadaiwi kitu. Vikundi vingi hutoa chipu, yaani kidude kama sarafu cha kuhesabia muda bila kunywa: ya saa 24, ya siku 30, na kuendelea, na aliyeteleza hupokewa upya bila kuulizwa maswali.

Ubora hutofautiana mno. Kuna vikundi vyenye watu watatu waliochoka, na vingine ambamo mzungumzaji mmoja humeza saa nzima. Usikate shauri kwa mkutano mmoja. Jaribu angalau sita, katika vikundi tofauti. Omba namba za simu za watu wawili wa jinsia yako, na mdhamini, yaani mwanachama wa kukuongoza, awe mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa. Akikuomba mkopo au akikukataza dawa ulizoandikiwa na daktari, tafuta mwingine.

Kuhusu dini: maneno “nguvu iliyo kuu kuliko sisi”, yaliyomo katika Hatua 12, kila mtu huyapa maana yake. Muislamu aliyemo katika ukumbi wa kanisa hajabadili dini, na sala ya kufungia anaweza kuinyamazia.

Jambo moja AA hailiwezi, nalo ni arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea pombe unapoikosa. Anayelazimika kuzimua asubuhi ndipo mikono itulie asiache ghafla akiwa peke yake. Mtetemeko na jasho huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kopo la mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo. Hali hiyo huua. Aanzie hospitali, apewe dawa kama diazepamu pamoja na vitamini B1, ndipo aende mkutanoni.

Mke, mume au mzazi wana mikutano yao, Al-Anon. Wanaweza kuhudhuria hata kama mnywaji mwenyewe bado amekataa.