Uzoefu wangu: miaka saba ya kuandika barua pepe ikafika kama SMS

Mwaka 2018 nilikabidhiwa daftari la chama chetu cha kuzikana hapa Columbus, Ohio. Ndani yake mlikuwa na majina 63 na namba za simu 63, watu wa Tanga, Mombasa, Bukavu, Bujumbura, wote wanaoelewana kwa Kiswahili. Katibu aliyenitangulia aliniambia neno moja tu: msiba ukitokea, habari imfikie kila mtu siku hiyohiyo. Aliyekosa habari hatasema simu yake ilikuwa mbovu, atasema chama kimemtenga.

Najua mtakaloniuliza: si mfungue kundi la WhatsApp? Lipo. Lakini wanachama kumi na mmoja, wengi wao wazee, walikuwa na simu za kukunja za vitufe na hawakutaka nyingine. Wengine wanafanya kazi usiku kwenye maghala, na wakitoka wanakuta kundi lina meseji mia mbili za salamu na video, tangazo la msiba limezama chini kabisa. SMS haizami hivyo. Inalia, inakaa juu, inasomwa.

Nilianza kwa kuandika SMS kwenye simu yangu, nikichagua majina mmoja mmoja, kidole kikauma. Kijana mmoja wa chama anayefanya kazi za kompyuta akaniona nikihangaika, akaniambia, "Shangazi, andika barua pepe, itafika kama SMS." Sikumwamini. Akafungua sanduku langu la barua, mahali pa anwani akaandika namba yake ya simu, tarakimu kumi bila 1 ya mbele na bila vistari, kisha @txt.att.net. Akaandika "jaribio", akatuma. Simu yake iliyokuwa mezani ikatetemeka.

Siri yenyewe ni kwamba mitandao ya simu ya Marekani iliweka mlango wa kupokea barua pepe na kuzigeuza SMS, na kila mtandao ulikuwa na mlango wake. Wa AT&T ulikuwa txt.att.net, wa Verizon vtext.com, wa T-Mobile tmomail.net, wa Sprint messaging.sprintpcs.com. Ukitaka kutuma picha, milango ilikuwa mingine: mms.att.net kwa AT&T, vzwpix.com kwa Verizon. Anayetuma halipi kitu. Hahitaji programu mpya wala kujisajili popote. Mtu mwenye barua pepe tu, awe Columbus au Dar es Salaam, angeweza kugonga simu ya mzee wa miaka themanini asiyejua intaneti ni nini. Kwangu hiyo ilikuwa huduma nzuri kuliko programu nyingi nilizowahi kulipia.

Kazi ilikuwa kujua nani yuko mtandao gani. Kwetu Tanzania tumezoea kusoma namba: ukiona 0754 unasema hii ya Voda, ukiona 0713 unasema Tigo (siku hizi Yas), ingawa tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Marekani kusoma namba hakukusaidii. Tarakimu tatu za mwanzo, kama 614 yetu ya Columbus, zinaonyesha eneo tu, na kuhama na namba kumeruhusiwa tangu Novemba 2003. Kwa hiyo ilinibidi nichore safu mpya kwenye daftari, nikaiita "mtandao", nikampigia kila mtu kumuuliza. Mama mmoja wa Uvira alinijibu, "Mwanangu, mimi ninajua tu ni ile ya rangi ya waridi." Hiyo ni T-Mobile. Niliandika.

Halafu kuna zile kampuni ndogo zinazopanda juu ya mitambo ya wakubwa. Mwenye laini ya Mint alipokea kupitia mlango wa T-Mobile kwa sababu ndiko Mint inakotumia minara. Cricket, ingawa ni mali ya AT&T, ilikuwa na anwani yake mwenyewe. Sprint ilipomezwa na T-Mobile Aprili 2020 nikajua safu yangu itabadilika tena. Na kila mwaka, msimu wa marejesho ya kodi, watu wanahama mitandao kufuata simu mpya za ofa. Anahama Jumamosi, haniambii, na mimi Jumanne natuma tangazo kwenye mlango wa zamani. Mara nyingine barua inarudi na maelezo kwamba haikupokelewa, nikashukuru, maana nimejua. Mara nyingine hairudi, haifiki, na hakuna anayekuambia lolote. Kama kuna kasoro moja iliyoninyima usingizi kwa miaka yote saba, ni hiyo ya ukimya.

Uandishi wenyewe ulinifunza adabu mpya. SMS moja ina herufi 160, na nafasi kati ya maneno inahesabiwa. Barua pepe yangu ilikuwa na saini chini: jina, cheo, namba ya simu, sala fupi. Kwenye simu ya mzee vyote hivyo vilimwagika, tena mwanzoni pamewekwa anwani yangu na kichwa cha barua. Nilipomwomba mzee mmoja anionyeshe alichopokea, nikakuta nusu ya skrini ni mimi, na jina la marehemu liko ukurasa wa pili. Niliona aibu. Tangu siku hiyo nilifungua sanduku la barua la pekee kwa ajili ya chama, lenye anwani fupi kuliko zote nilizoweza kupata, bila saini, na kichwa cha barua nikakiacha wazi. Jina la marehemu likawa neno la kwanza.

Nilijifunza pia kutowatumia wote 63 kwa mkupuo. Barua moja yenye wapokeaji wengi waliofichwa inafanana na barua taka, na mitambo inaitupa. Nikawagawa kumi kumi, nikipumzika dakika chache katikati. Tangazo lote lilichukua kama nusu saa, nami nikiwa jikoni na kompyuta juu ya kaunta.

Sasa niseme lililoniuma. Januari ya mwaka mmoja, theluji ikiwa magotini, tulifiwa na baba wa familia moja tunayoipenda wote. Mazishi yaliwekwa kesho yake. Niliandika tangazo refu kuliko kawaida kwa sababu makaburi yalikuwa mapya kwetu na nilitaka kueleza njia. Mtandao mmoja, ambao sitautaja, uliukata ujumbe vipande viwili. Kipande cha kwanza kilifika jioni ileile: jina, siku, saa. Cha pili, chenye mahali, kilifika kesho yake mchana, watu wakiwa tayari wanafukia. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu tangu kambini, alikuwa amevaa kanzu na koti tangu asubuhi, akaketi kwenye kiti karibu na mlango akisubiri. Nilimkuta nyumbani kwake baadaye. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akafungua simu yake akanionyesha. "Mwanangu, uliniambia saa. Hukuniambia wapi."

Sikuwa na jibu, na kusema kweli hata leo sina. Niliweza kumlaumu yule aliyeukata ujumbe, lakini ni mimi niliyeandika zaidi ya herufi 160 nikijua kinachoweza kutokea. Kuanzia hapo kanuni yangu ni moja: jina, mahali, siku, saa, kwa mpangilio huo, ndani ya kipande kimoja. Maelezo ya njia yanakuja kwa ujumbe mwingine unaojitegemea. Na saa naandika kwa namna mbili, "saa 5 asubuhi (11 AM)", kwa sababu watoto wetu waliozaliwa huku wakisoma saa 5 wanakuja jioni.

Kitu kilichonifurahisha bila kutarajia ni majibu. Mtu akijibu ile SMS, jibu linarudi kwenye sanduku la barua likiwa limetoka kwenye namba yake. "Innalillahi." "Pole sana kwa familia." "Ntakuja na chapati." Nilikuwa nayapanga kwenye folda moja kwa kila msiba, kisha nayachapa na kuwapelekea wafiwa siku ya hitima au ya kuondoa matanga. Mjane mmoja aliniambia anaziweka karatasi zile pamoja na hati ya nyumba. Ukiandika kwenye kundi la WhatsApp, maneno hayo yanapotea na kelele nyingine. Huku yalikuja peke yake, moja moja, yakiwa na namba ya aliyeyasema.

Mwisho wa huduma ulikuja kwa vipande. Mtandao mmoja ulianza kunirudishia barua bila mimi kuona tangazo lolote. AT&T yenyewe ilitangaza waziwazi kwamba inafunga mlango wake tarehe 17 Juni 2025, barua kuja kwenye SMS na SMS kwenda kwenye barua, vyote. Sababu si ngumu kuielewa. Mlango ule ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye barua pepe, na matapeli waliujua kama tulivyoujua sisi: wanabahatisha namba, wanatuma viungo vya uongo, na mpokeaji hana njia rahisi ya kujua nani hasa ameandika. Wazee wangu haohao ndio wanaolengwa kwanza. Kwa hiyo sisemi kufungwa kwake ni dhuluma. Nasema tu kwamba watu wadogo waliokuwa wakiutumia kwa heri walikuwa wengi, vikundi vya misiba, shule ndogo, mafundi waliounganisha mashine zao zitume tahadhari, na kila mmoja ilibidi ajitafutie njia.

Mimi nimehamia kwenye huduma ya kulipia. Kuna kampuni zinazopokea barua pepe yako kwa anwani moja na kuitoa kama SMS kwenda mtandao wowote. Ile safu ya "mtandao" kwenye daftari nimeipiga mstari, maana wao wenyewe ndio wanaojua namba ipo wapi. Kila SMS inanigharimu kati ya senti moja na mbili. Na naona ni ipi imefika na ipi imekwama! Baada ya miaka saba ya kubahatisha, kuona neno "imefika" mbele ya jina la mzee ni raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Lakini usajili wake ni mzito, nawaambia mapema. Hapa Marekani anayetuma SMS kwa watu wengi kwa kutumia programu lazima asajili namba, jina la chama, namba ya kodi, mifano ya ujumbe, na aonyeshe jinsi wapokeaji walivyokubali kutumiwa. Ombi langu la kwanza lilikataliwa kwa sababu sikueleza ridhaa ilipatikanaje. Ilinibidi nizunguke na karatasi nyumba kwa nyumba kukusanya saini, tukinywa chai kila mlango. Wiki tano zilipita. Anzeni kabla ya kuhitaji, msingoje mtu afe.

Na kuna mtego wa lugha yetu ambao hakuna aliyenionya. Ujumbe wangu wa kwanza wa kulipia ulikuwa na herufi 150, ndani ya kiwango, lakini nilitozwa vipande vitatu kwa kila mtu, yaani 189 badala ya 63. Nilihesabu mara mbili, nikadhani nimeibiwa. Kosa lilikuwa kwenye neno "ng'ambo". Programu yangu ya kuandikia hupinda kile kialama cha ng' kiwe cha kupendeza, na kialama kilichopinda hakimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS. Kikiingia kimoja tu, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wenye nafasi ya herufi 70, na ukigawanywa kila kipande kinabaki na 67. Nikakifuta, nikaweka kile kilichonyooka, gharama ikarudi kuwa kipande kimoja. Anayeandika Kiswahili azime hiyo kazi ya kupinda alama kwenye mipangilio ya simu au kompyuta yake kabla ya kutuma chochote.

Kama mtandao wako bado unapokea barua pepe, usiukabidhi habari ya msiba kabla ya kuujaribu. Tuma neno moja kwa mtu unayeweza kumpigia papo hapo, mwombe akusomee alichopata kuanzia herufi ya kwanza. Rudia mwezi ujao.

Yule mzee wa theluji bado ana simu yake ya kukunja, na SMS za huduma mpya zinamfikia. Hata hivyo mimi humpigia pia. Nikimaliza salamu na habari za nyumbani, namtajia mahali kwanza, naye hurudia jina la makaburi polepole huku nikisikia akiliandika.