Majeneza ya paini ya karakana za Mbeya mjini: kagua kabla ya kulipa

Jeneza la paini ndilo wafiwa wengi hapa humudu, na likitengenezwa vizuri linatosha kabisa. Baadhi ya mbao hutoka misitu ya Sao Hill, Mufindi. Tatizo ni unyevu: ubao mbichi ukipigwa vanishi ukiwa hivyo hujikunja, na kifuniko huachia upande mmoja kabla hata ya ibada kwisha. Gusa upande wa ndani. Ukiwa baridi na mzito kuliko kawaida, kataa.

Vipimo: urefu wa marehemu ongeza inchi 3 au 4, mabegani ongeza inchi 2. Asipimwe kwa kukisia kutoka kwenye picha, tafadhali. Mwili ukikwama mochwari mbele ya ndugu, jeraha hilo hawalisahau.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni mishikio. Karakana nyingi huifunga kwa skrubu fupi, nazo paini haizishiki. Uzito ukihamia upande mmoja kwenye mteremko wenye utelezi, zinang'oka. Dai bolti zinazopenya ubao, zenye washa na nati ndani. Hata hivyo, kushusha kaburini kufanywe kwa kamba zinazopita chini ya jeneza, wala si kwa mishikio.

Kama mwili unasafirishwa mbali, mathalani kutoka Dar es Salaam, tandika nailoni nzito chini ya kitambaa, ipande kingo zote. Majimaji yakivuja hulegeza maungio ya gundi.

Vitambaa na mapambo ni sawa karibu kila karakana. Pesa ya ziada iende kwenye bolti.