Rili ya kuvulia baharini: tazama breki kabla ya beringi

Dukani utaoneshwa boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba rili ina beringi 13. Lipite. Penn Battle III ina beringi 5 tu, ukiacha ile ya kuzuia mkono wa rili usirudi nyuma, na inavuta samaki wakubwa bila shida. Beringi 13 za bei ya kutupa ni mahali 13 pa kushika kutu.

Kwa anayerusha chambo kutoka mwambani au mashuani, iwe Watamu au Mafia, mambo ni mawili: breki iachie mshipi taratibu bila kushtuka, na chumvi isiingie ndani. Kolekole akishika ndoana hukimbilia mwambani moja kwa moja. Breki ikigoma kidogo tu, mshipi umekatika na chambo chako cha bei kimekwenda.

Ninavyozipanga mimi:

1. Penn Spinfisher VI. Mwili wake ni wa chuma na umezibwa kwa kiwango cha IPX5, yaani hustahimili maji yanayorushwa. Kuizamisha ni habari nyingine, usijaribu. Kwa mtu anayepigwa na mawimbi magotini, sioni ya kuishinda kwa bei yake. Toleo la VII limeshatoka, kwa hiyo ulizia punguzo la VI.

2. Daiwa BG. Ina mwili wa alumini, gia imara, na mkono unaoingia kwa skrubu ndani ya gia yenyewe, hivyo hautikisiki. Haikuzibwa kama Spinfisher. Wa mashuani atafaidi zaidi kuliko wa mwambani.

3. Penn Battle III. Breki zake ni za kaboni, zilezile HT-100 zilizomo katika Spinfisher VI. Ni nzito kidogo, na ukirusha chambo kutwa nzima bega litakwambia.

4. Penn Pursuit IV. Mwili ni wa grafaiti, si chuma, lakini breki ni HT-100. Anayeanza, au anayevua changu na samaki wadogo, aichukue hii na fedha inayobaki anunue mshipi mzuri.

Shimano Stella SW sijaipanga. Ni mashine ya ajabu, lakini bei yake hupita dola 1,000, na kwa fedha hiyo wengine tunafikiria injini ya boti.

Saizi huwachanganya wengi kwa sababu namba za kampuni hazilingani: BG ya 4000 ina umbo kubwa kuliko Shimano ya 4000. Ishike mkononi, soma kwenye spuli, yaani gurudumu linaloviringwa mshipi, inabeba mita ngapi za mshipi wa unene gani. Kwa kolekole na nguru wa kadiri, anzia 5000 au 6000. Kwa changu mikokoni, 2500 hadi 4000 inatosha.

Kabla ya kulipa, funga mshipi, legeza breki kiasi, uvute polepole kwa mkono. Ukihisi mikatiko, rudisha boksini. Zungusha kile kigurudumu kidogo ambapo mshipi hupita: kikigoma kuzunguka, mshipi utajisokota na kulika. Kisha sukuma mkono wa rili nyuma. Mkono huo ukicheza sana, mwambie muuzaji alete nyingine.

Nyumbani, breki ikaziwe robo ya nguvu ya mshipi, theluthi ukizidi sana. Mshipi wa kilo 12, yaani unaostahimili mvuto wa kilo hizo, unataka breki ya kilo 3 hivi, na hizo kilo 3 upime kwa mizani ya samaki, usikisie kwa kidole. Ukirudi, kaza breki, mwagia rili maji baridi yasiyo na chumvi kwa upole, kausha kwa kitambaa, ndipo uilegeze breki kabisa. Mpira wa maji wenye kasi uache kwa gari. Kwenye rili unaisukuma chumvi ndani kabisa.